Je, kuna tatizo la dunia lililowahi kwisha?

SWALI: Shikamoo Dokta. Nafundisha jiografia sekondari moja hapa Tanga. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye mabadiliko ya tabianchi, nikawaeleza kidato cha tatu habari za mikutano ya kimataifa, Kyoto, Paris na kuendelea. Mvulana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, tutajie tatizo moja tu la dunia nzima ambalo wakubwa walikaa, wakakubaliana, likaisha. Moja tu." Darasa zima likacheka. Nikasema tutaendelea kipindi kijacho. Kipindi kijacho ni Jumatatu na sina jibu. Je, lipo?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Lipo, tena si moja. Na huyo kijana usimkemee, maana ameuliza jambo ambalo wengi wanaoshinda kwenye mikutano hiyo hawajiulizi.

Nianze na ndui, kwa sababu mwisho wake ulitokea kwenye pwani hii hii yetu. Mimi nina makovu mawili begani, moja la chanjo ya ndui na jingine la BCG ya kifua kikuu. Wewe kwa umri wako utakuwa na la BCG peke yake, na wanafunzi wako vilevile. Waambie wakifika nyumbani wawaombe babu na bibi wawaonyeshe bega. Hilo kovu wasilokuwa nalo ndilo jibu la kwanza la mwenzao.

Ndui aina yake kali iliua karibu mtu mmoja katika kila watatu waliougua. Waliopona walibaki na vishimo usoni, wengine wakapofuka. Inakadiriwa iliua watu wapatao milioni 300 katika karne ya 20 pekee, kuliko vita vyote vya karne hiyo. Mwaka 1958 Viktor Zhdanov, naibu waziri wa afya wa Umoja wa Kisovieti, alisimama mbele ya mkutano wa Shirika la Afya Duniani akapendekeza ugonjwa huu ufutwe kabisa. Kampeni yenyewe ilipamba moto mwaka 1967 chini ya Mmarekani, Donald Henderson, huku zaidi ya dozi bilioni moja za chanjo zikitolewa na Wasovieti. Mataifa hayo mawili wakati huo yalikuwa yameelekezeana makombora ya nyuklia. Hawakusubiri wapendane kwanza.

Mpango wa mwanzo ulikuwa kuchanja kila mtu, au angalau wanane katika kila kumi. Haukwenda vizuri. Njia iliyofaa ilipatikana kwa uhaba. Desemba 1966, mashariki mwa Nigeria, daktari William Foege alikuta mlipuko na chanjo mkononi haitoshi. Akaacha kuchanja kila mtu, akatafuta wagonjwa walipo, kisha akachanja waliowazunguka tu, kama mkulima anavyofyeka njia ya moto kuzunguka shamba badala ya kumwagia maji pori zima. Mlipuko ukazimika. Chombo nacho kilikuwa rahisi ajabu: sindano ya chuma yenye ncha mbili kama uma mdogo, ambayo kati ya ncha zake hushika tone moja la chanjo. Mtu asiyejua kusoma aliweza kufundishwa kuitumia katika muda usiozidi saa moja. Watafutaji walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na kadi yenye picha ya mtoto mwenye ndui, wakiuliza: umemwona mtu wa namna hii?

Sasa njoo Merca, mji wa pwani ya Somalia, kaskazini ya Barawa wanakosema Chimiini, Kiswahili cha kule. Oktoba 1977 gari liliingia hospitali ya Merca likiwa na watoto wawili wenye ndui. Dereva hakujua njia ya kwenda kwenye kambi ya kuwatenga wagonjwa. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, kijana wa miaka 23, akapanda akamwelekeza. Safari ya dakika chache tu. Mpishi huyu aliwahi kufanya kazi ya kuchanja wenzake, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameikwepa sindano, maana aliona kama inauma. Siku chache baadaye akapata homa. Wakasema malaria. Vipele vilipotoka, wakasema tetekuwanga. Ilipobainika kuwa ni ndui, kila aliyeonana naye alitafutwa, vizuizi vikawekwa barabarani, na katika muda wa wiki mbili zaidi ya watu 50,000 wakachanjwa mjini na vitongojini. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa naye.

Maalin ndiye mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida. (Mwaka uliofuata virusi vilitoroka kwenye maabara moja ya Birmingham, Uingereza, vikamuua mtu mmoja, hiyo ni ajali ya binadamu mwenyewe.) Tarehe 8 Mei 1980 dunia ikatangazwa kuwa huru. Maalin alipona, na baadaye alizunguka Somalia katika kampeni ya polio akiwasimulia wazazi wanaosita jinsi alivyoikimbia sindano ikamponza. Alifariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo. Kilichomuua ni malaria.

Hapo kwenye malaria pasome mara mbili, Mwalimu. Malaria nayo ilikuwa na kampeni yake ya kuifuta duniani, iliyoanza 1955 ikasitishwa 1969, na sehemu kubwa ya Afrika hata haikuingizwa kwa dhati. Nia ilikuwepo, fedha ilikuwepo, dawa ya kuua mbu, DDT, ilikuwepo. Lakini ndui haikuwa na mnyama wa kujificha ndani yake, na kila aliyeugua ilimwandika usoni. Vimelea vya malaria vinaishi ndani ya mbu, na ndani ya damu ya mtu anayetembea sokoni akijiona mzima. Kuwa na moyo ni jambo moja, na umbo la tatizo ni jambo jingine. Wanasiasa wengi hupenda kuzungumzia la kwanza.

La pili nitalipitia haraka zaidi, ingawa lina mhusika wa ajabu. Mwaka 1921 mhandisi wa Marekani, Thomas Midgley, aligundua kwamba ukitia kiasi kidogo cha risasi kwenye petroli, injini inaacha kugonga. Hapa risasi ni yale madini mazito ya kijivu. Za bunduki zilipata jina humo humo. Mbadala ulikuwepo tangu siku ya kwanza, pombe ya ethanoli, ambayo Midgley na mabosi wake waliijua vizuri. Tatizo la ethanoli ni kwamba yeyote anaweza kuipika, huwezi kuichukulia hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yako. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa wakiwa wamerukwa na akili kwa sumu ya risasi. Midgley akaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa dawa hiyo ya risasi mbele yao kuonyesha kuwa ni salama. Mwenyewe alikuwa ametoka kuugua sumu hiyo hiyo.

Kwa zaidi ya nusu karne magari mengi duniani yakatoa moshi wenye risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto kimyakimya. Nchi tajiri zilianza kujitoa katika miaka ya 1970, na moja ya sababu haikuwa huruma: lile dude la kwenye ekzosi ambalo mafundi wetu wanaliita masega, linalosafisha moshi, linaharibiwa na risasi. Ukitaka masega, ondoa risasi. Sisi tukabaki. Mwaka 2002 nchi 117 zilikuwa bado zinaitumia, zikiwemo karibu zote za Afrika kusini mwa Sahara.

Kilichotokea kinawafaa wanafunzi wako kwa sababu hakikuwa na mkataba. Hakuna mkataba wowote wa dunia uliopiga marufuku petroli yenye risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar Juni 2001 zikajiwekea mwaka 2005 kuwa mwisho, na watu wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, pale Nairobi wakashika simu na safari. Nchi nyingi hazikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta, ziliagiza tu. Kwa hizo, kuondoa risasi kulikuwa kubadili mstari mmoja kwenye masharti ya zabuni. Kazi kubwa ilikuwa kuwatoa watu hofu kwamba magari ya zamani yatakufa. Hayakufa. Kufikia Januari 2006 eneo lote lilikuwa limeacha. Zilibaki nchi chache, na si kila ucheleweshaji ulikuwa wa bahati mbaya: kampuni moja ya Uingereza iliyokuwa ikitengeneza kiungo hicho ilikiri mahakamani mwaka 2010 kwamba ilihonga maofisa wa Indonesia. Pampu za mwisho duniani zilikauka Algeria, Julai 2021. Makadirio ya UNEP ni kwamba hatua hiyo inazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Nisikudanganye kuwa risasi imetoweka. Imehamia kwenye betri. Waulize watu wa Owino Uhuru, Mombasa, mtaa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido aliyewapigania ilibidi aende mahakamani, na mwaka 2020 jaji akaamuru fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu kabisa.

Sasa la tatu, na hili ndilo ninalolijua zaidi, maana nimekula nalo mkate. Nenda kwa fundi friji yeyote hapo mjini. Sakafuni utakuta mitungi miwili mitatu ya gesi, geji yenye mipira ya bluu, nyekundu na njano, na kompresa zilizopasuliwa. Kwenye kila mtungi pameandikwa herufi R na namba: R22, R134a, R600a. Kwa fundi hizo ni bidhaa. Hii ya kiyoyozi cha zamani, hii ya gari, hii ya friji mpya. Ukijua kuzisoma, ni kalenda.

Aliyeanzisha kalenda hiyo ni Midgley yule yule. Mwishoni mwa miaka ya 1920 timu yake ilitengeneza gesi tuliyokuja kuiita R12, ya jamii ya CFC, gesi zenye klorini ndani yake. Mtu mmoja, majanga mawili ya dunia, na mara zote mbili alishangiliwa. Tumtendee haki: friji za wakati huo zilitumia amonia au dioksidi ya salfa, na bomba likipasuka usiku watu waliokuwa wamelala walikuwa hatarini. R12 haikuwaka, haikuwa na harufu, haikumdhuru aliyeivuta. Haikuvunjika na kitu chochote. Hapo ndipo ilipokuwa na ubaya. Gesi isiyovunjika huku chini haina pa kwenda ila juu.

Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland waliandika kwamba ikifika huko juu, mwanga mkali wa jua huivunja, klorini ikatoka, na atomu moja ya klorini ikala maelfu kwa maelfu ya molekuli za ozoni, lile tabaka linalotukinga na miale ya urujuanimno. Viwanda vikabeza kwa miaka. Mei 1985 Joe Farman na wenzake wawili, Waingereza waliokuwa wakipima ozoni pale kituo cha Halley, Antaktika, kwa chombo cha kizamani, wakachapisha namba zao: kila majira ya kuchipua ya kule kusini, ozoni ilikuwa inapotea kwa kiasi ambacho hakuna aliyekitabiri. Setilaiti ya Marekani ilikuwa imeona jambo hilo hilo, ila kompyuta zilipangwa kuzitilia shaka namba ndogo kupita kiasi, zikawekwa kando. Nawapenda sana hao wazee wa Halley. Miaka karibu thelathini kituo hicho kilipima kitu kile kile, na wengi waliona kazi hiyo haina maana.

Miaka miwili baadaye, 16 Septemba 1987, Itifaki ya Montreal ikasainiwa, na aliyeisukuma alikuwa Mmisri, Mostafa Tolba, mkuu wa UNEP, kutoka Nairobi. Mwambie kijana wako wakubwa walikaa kweli. Lakini mwambie pia walikubaliana nini, kwa kuwa hapo ndipo penye utamu. Makubaliano ya kwanza yalikuwa dhaifu: CFC zipunguzwe kwa nusu katika muda wa miaka kumi na kidogo. Kwa kiwango hicho ozoni isingepona. Ila iliandikwa kwamba watakutana tena na kukaza skrubu kadiri sayansi itakavyoonyesha, na wakakaza, London 1990, Copenhagen 1992, na kuendelea.

Ndani yake palikuwa na meno. Nchi iliyosaini haikuruhusiwa kufanya biashara ya gesi hizo na nchi isiyosaini. Fikiria uko nje ya itifaki: gesi huuziwi, na yako hupati wa kumuuzia. Kukaa nje kukawa ghali kuliko kuingia. Nchi maskini zilipewa miaka kumi zaidi. Halafu mwaka 1990 ukaundwa mfuko maalumu, tajiri wakichangia, wa kulipa tofauti ya gharama: kiwanda kibadilishe mitambo, mafundi wafundishwe, maofisa wa forodha wapewe vipimo. Si ahadi, fedha yenyewe. Nimesimama mbele ya madarasa ya mafundi friji waliofundishwa kwa fedha hizo, namna ya kunyonya gesi kwenye friji mbovu badala ya kuifungulia hewani, na nakuambia fundi hakubadilika kwa kuambiwa habari za Antaktika. Alibadilika alipoona gesi aliyoinyonya anaweza kuiuza tena.

Na viwanda? DuPont, mtengenezaji mkubwa kuliko wote, aliyepinga kwa zaidi ya muongo, aligeuka mwaka 1988 akasema ataacha kutengeneza CFC. Wengine husema dhamiri. Mimi nasema alikuwa tayari na mbadala maabara, na alijua sheria ya dunia nzima ingewafunga wapinzani wake pia. Wala sioni aibu kusema hivyo. Tatizo linaloweza kwisha hata kama wahusika si malaika ni tatizo lenye bahati.

Magendo yalikuwepo, miaka ya 1990 bandari ya Miami ilijulikana kwa mitungi ya CFC ya wizi. Na udanganyifu mkubwa ukatokea juzi juzi tu: mwaka 2018 wanasayansi waligundua kuwa CFC-11, iliyopaswa kuwa imekoma tangu 2010, inaongezeka tena angani. Vituo vya kupima hewa vya Korea Kusini na Japani vikafuatilia upepo, vikaonyesha mashariki mwa China, hasa majimbo ya Shandong na Hebei. Huko viwanda vilikuwa vikiitumia kutengeneza sponji ya kuhami joto kwa sababu ilikuwa rahisi. Serikali ya China ikawabana, na katika mwaka mmoja miwili namba zikashuka. Mwizi alikamatwa kwa harufu, kutoka nchi ya jirani. Bila watu wa kupima, tungeendelea kushangilia ushindi hewa.

Hivi leo karibu asilimia 99 ya gesi hizo zimeondolewa. Tathmini ya wanasayansi ya mwaka 2023 inasema ozoni itarudi ilivyokuwa 1980 mnamo 2040 sehemu kubwa ya dunia, na Antaktika mnamo 2066. Wanafunzi wako watakuwa wazee watakapoona tundu hilo limeziba. Kwa hiyo Jumatatu usiseme "limekwisha". Sema linapona, na tunajua kwa kasi gani.

Sasa turudi kwenye tabianchi, ulikoanzia. Kijana wako anadhani tatizo huisha wakubwa wakikubaliana. Nikitazama haya matatu naona kinyume chake: wakubwa hukubaliana pale tatizo linapokuwa limekatwa kipande kinachoshikika mkononi. Kirusi kimoja. Kiungo kimoja cha petroli. Jamii moja ya gesi, iliyotengenezwa na kampuni ambazo zingeenea kwenye ukumbi mmoja. Tabianchi haiko hivyo. Tabianchi ni jina la ukoo. Ndani yake mna mitambo ya umeme wa makaa ya mawe, mna ng'ombe, mna saruji, mna ndege, mna jiko la mkaa la mama lishe. Tunapoitisha mkutano wa ukoo mzima, kila mtoto anamnyooshea mwenzake kidole, na mwisho wa wiki mbili inatoka karatasi ya maneno laini.

Chukua watoto mmoja mmoja, hali inabadilika. Gesi za R134a na ndugu zake, HFC, ziliingia kuokoa ozoni lakini zinapasha dunia joto vibaya sana. Zilishughulikiwa Kigali. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 15 Oktoba 2016, baada ya usiku mzima wa kuvutana, nchi zilikubali kuziondoa polepole, na hatua hiyo inaweza kuepusha hadi nusu nyuzi ya joto kufikia mwisho wa karne. Nchi tajiri zilianza 2019. Kundi letu la nchi zinazoendelea lilisimamisha ongezeko 2024. India na nchi za joto kali kama Oman, Kuwait na Saudia zikapewa hadi 2028. Wengi hawajui kwamba mojawapo ya hatua kubwa za tabianchi ilipitishwa hapa jirani, na ilipita kwa sababu ilipanda gari la Montreal lenye mfuko na meno yake.

Chukua umeme wa jua. Bei ya paneli ilishuka kwa karibu asilimia 90 katika muongo mmoja kuanzia 2010. Pakistan mwaka 2024 iliagiza paneli za gigawati 17 hivi, na waliozipandisha juu ya mapaa hawakufanya hivyo kwa ajili ya Paris. Walichoka na bili na kukatikiwa umeme.

Chukua jiko. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya watu kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mitungi ya gesi ya bure imegawiwa sana. Nimeiona ikikaa mitupu uvunguni mwa kitanda, kwa sababu mkaa unanunulika kwa kopo asubuhi na kopo jioni, na gesi hainunuliki kwa kopo. Palipofungwa mita ya kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu, mtungi ule ule unatumika. Kipande cha tatizo hapo kilikuwa ukubwa wa malipo, na semina mia za uelewa zisingekigusa.

Sitaki uende darasani na matumaini ya bei rahisi. Saruji na vyuma vya ujenzi bado havina mbadala wa bei tunayoiweza. Na fedha imekuwa aibu: mwaka 2009 pale Copenhagen nchi tajiri ziliahidi kuzisaidia nchi maskini kwa tabianchi dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020, zikafikisha 2022, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Baku, 2024, zikasema bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Umoja wa Ulaya nao umeanza kutoza mpakani ada ya kaboni, yaani ya moshi uliotoka wakati wa kutengeneza, kwa chuma, saruji na alumini kutoka nje. Hayo ni meno, lakini Montreal ilikuja na meno na mfuko pamoja. Meno bila mfuko, nchi maskini zitaona zinaumwa tu, na hazitakuwa zimekosea.

Kwa Jumatatu nakushauri usihutubie. Wape kazi. Kila mwanafunzi ageuze friji ya kwao, au ya duka la jirani, asome kibandiko cha nyuma kinachotaja gesi, anakili namba na mwaka wa kutengenezwa kama upo. Mkiandika ubaoni mtaona kalenda yenyewe: R134a za mitumba kutoka Ulaya, R600a kwenye mpya, R22 kwenye viyoyozi vya ofisi kongwe. Huyo kijana wa nyuma mpe kazi ya kwenda kwa fundi kuuliza lini mara ya mwisho alijaza R12. Na mkibahatika kukuta friji moja yenye R12 bado inagandisha barafu hapo Tanga, nitumie picha. Mimi sijaiona siku nyingi.